Kuujua Mwendo wa Mota Bila Kihisi

Bwana mwenyekiti, walimu wetu waheshimiwa, mafundi wenzangu mliotoka Kibuye, Nakuru, Kakamega na kwingineko, nanyi wanafunzi mlioketi huko nyuma karibu na mlango, hamjambo. Itifaki ikiwa imekwisha kuzingatiwa na walionitangulia, naomba niingie moja kwa moja katika jambo lililonileta Kisumu, nalo ni namna mota ya induksheni inavyoweza kuongozwa kwa utabiri, hali ya kuwa chombo kinachoiongoza hakijaambiwa na yeyote rota, yaani sehemu ya ndani inayozunguka, inakwenda kwa mwendo gani. Nitasema kihisi mahali ambapo wengi wetu karakanani husema sensa, kwa sababu tangu 2019 nikilitaja neno sensa nyumbani huulizwa kama wahesabuji wa watu wanarudi.

Mimi hufanya kazi Nakuru, mji ambao sehemu kubwa ya maji yake hutoka katika visima virefu. Mota ya pampu ya kisima huning'inia ndani ya bomba, mita mia moja au mia mbili chini ya ardhi, imezama majini, na kitu pekee cha umeme kinachotuunganisha nayo ni kebo. Hapo hakuna mahali pa kufunga enkoda, yaani kihisi cha mwendo, kwenye shafti, na hata pangekuwapo, sijui fundi atakayekubali kuteremshwa kuibadilisha inapokufa. Kwa hiyo, tunapozungumza juu ya kuongoza mota bila kihisi, watu wa visima hatuzungumzi juu ya anasa ya maabara, maana hatukupewa chaguo jingine.

Wenzetu wa viwandani walipewa chaguo, nalo limewatoa jasho. Niliwahi kuitwa usiku katika kiwanda kimoja cha sukari, ambacho sitakitaja, kwa sababu mashine ya kuzungusha sukari ili kutenganisha chembe na molasi ilikuwa ikianza, ikisita, kisha ikijizima. Mota ilikuwa nzima. Draivu, yaani chombo cha umeme kinachoiongoza mota, ilikuwa nzima. Tulipofuata kebo nyembamba ya enkoda hadi nyuma ya ukuta, tukakuta panya wameitafuna kwa urefu wa kiganja. Mota nzito isiyoinuliwa ila kwa kreni ilikuwa imesimamishwa na waya mwembamba kuliko kalamu. Mvuke, vumbi la makapi ya miwa, joto na panya ni maadui wa kila siku wa enkoda, na kila kiungo kinachoongezwa kwenye mfumo ni kiungo kingine kitakachokatika siku moja.

Niwakumbushe kwa ufupi tabia ya mota yenyewe. Galileo Ferraris huko Italia na Nikola Tesla huko Marekani, kila mmoja kwa njia yake, walionyesha uga wa sumaku unaozunguka, na hataza za Tesla zilitolewa mwaka 1888. Mwaka uliofuata Mikhail Dolivo-Dobrovolsky akaunda mota ya fezi tatu yenye rota ya kizimba, ambayo kwa umbo lake la msingi ndiyo ile ile inayosaga unga katika vinu vyetu vya posho leo. Uga wa sumaku katika stata, yaani sehemu isiyozunguka, ya mota ya poli nne (ncha nne za sumaku), kwa stima yetu ya hezi 50, huzunguka mara 1500 kwa dakika. Rota huufuata, lakini haiwezi kuufikia, kwa kuwa ingeufikia basi mkondo usingezaliwa ndani yake na nguvu ya kuzungusha ingetoweka. Ndiyo sababu mnasoma 1440 kwenye kibati cha mota. Ile tofauti ya 60, yaani asilimia nne, ndiyo mtelezo, na mtelezo haukai mahali pamoja: mahindi yakiongezeka kinuni unakua, yakipungua unasinyaa. Mwenye kuitazama stata peke yake anaujua mwendo wa uga kwa hakika, lakini mwendo wa rota anaukosa kwa kiasi cha mtelezo huo.

Kwa miaka mingi jambo hilo halikumsumbua mtu, kwa sababu mota iliwashwa na kuachwa. Shida ilianza tulipotaka kuiongoza kwa ustadi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Felix Blaschke wa Siemens alieleza namna ya kuutenganisha mkondo wa stata katika sehemu mbili, moja ya kujenga sumaku na nyingine ya kuzalisha nguvu ya mzunguko, ambayo nitaiita torki. Mwaka 1986 Takahashi na Noguchi wa Japani wakaleta njia ya kuishika torki yenyewe moja kwa moja, bila kupitia mkondo. Sitakaa katika historia hiyo. Nimeitaja ili mjue kwamba njia ya utabiri, ambayo ndiyo mada yetu, haikushuka kutoka mbinguni, bali ni mjukuu wa hao wawili kwa upande mmoja, na kwa upande mwingine ni mtoto wa viwanda vya kusafisha mafuta, ambako tangu miaka ya 1970 wahandisi walikuwa wakitumia modeli ya mtambo kuutabiri mwenendo wake kabla ya kugusa vali. Katika viwanda vile kompyuta ilikuwa na dakika nzima ya kufikiri. Mota haikupi dakika. Ilibidi tungojee prosesa ndogo, za haraka na za bei nafuu, na miongoni mwa walioisukuma mbele kazi hii katika umeme ni José Rodríguez na wenzake wa Valparaíso, Chile, waliochapisha mwaka 2007 makala yanayosomwa hadi leo juu ya kuongoza kwa utabiri mkondo wa inveta, ile sehemu ya draivu inayogeuza umeme wa dici (wa mkondo mnyoofu) kuwa wa kuzungusha mota. Nawaambia wanafunzi kwamba Valparaíso ni mji wa bandari, na Kisumu pia ni mji wa bandari; mengine mtayaongeza wenyewe.

Sasa utabiri huo hufanywaje? Mnawajua wazee wanaocheza ajua, ndugu yake bao, kivulini. Mchezaji hodari hakimbilii kutia mkono shimoni. Huutazama ubao mzima akaucheza mchezo moyoni: nikianzia hapa kete zitaishia pale, na mwenzangu atanila, nikianzia pale nitamla yeye, lakini nitaacha shimo langu la pembeni wazi. Akisha kuzipima njia zote huteua moja, huicheza, na mwenzake akishajibu, hesabu zote za awali huzitupa na kuanza upya kwa hali mpya ya ubao. Hiyo ndiyo kazi ya draivu ya utabiri, isipokuwa yenyewe hucheza mara elfu ishirini kwa sekunde.

Ubao wake si mkubwa. Inveta ya kawaida ina transista sita, yaani swichi za kielektroniki, zilizopangwa jozi tatu, jozi moja kwa kila waya unaokwenda kwenye mota, na katika kila jozi ama transista ya juu imewashwa ama ya chini. Mbili mara mbili mara mbili ni nane, basi inveta ina hali nane tu inazoweza kuwa nazo. Hali mbili kati ya hizo, ile ya zote juu na ile ya zote chini, huipa mota volteji sufuri, kwa hiyo volteji zilizo tofauti kweli kweli ni saba. Kila baada ya mikrosekunde 50, tuseme, draivu hupima mikondo, hujiuliza torki na fluksi (wingi wa sumaku) ya mota zitakuwa ngapi ikichagua hali ya kwanza, ya pili, hadi ya saba, kisha huipa kila hali alama kwa kadiri inavyokaribia au kujitenga na kile kilichoagizwa. Yenye makosa machache hushinda. Hali ambayo ingeusukuma mkondo kupita kiwango ambacho transista zinaweza kustahimili hupewa alama mbaya kiasi kwamba haiwezi kuchaguliwa kamwe, na kwangu mimi huu ndio uzuri mkubwa zaidi wa njia hii: mpaka wa usalama umeandikwa ndani ya maamuzi yenyewe, haukuongezwa nje kama kufuli juu ya mlango uliokwisha kufunguliwa.

Pana mtego hapa ambao huwanasa wanaoanza. Prosesa yenyewe huchukua muda kuhesabu, kwa hiyo uamuzi uliofikiwa kwa vipimo vya sasa hutekelezwa baada ya hatua moja kupita, wakati mota imekwisha kusogea. Asiyelizingatia jambo hilo huona mkondo ukitetemeka na kulaumu mota. Dawa yake ni kutabiri hatua mbili: kwanza mota itakuwa wapi hatua iliyokwisha kuamuliwa itakapomalizika, kisha kutoka hapo ndipo hali saba zipimwe. Mtego wa pili ni wa kupima vitu visivyolingana. Torki ina vipimo vyake na fluksi ina vyake, na ukizijumlisha katika alama moja lazima useme kosa la fluksi lina uzito gani mbele ya kosa la torki. Uzito huo mara nyingi hupatikana kwa kujaribu na kujaribu tena, na mwenye kuwaambia kwamba njia ya utabiri haina kitu cha kurekebisha kwa mkono amewaficha jambo. Mtasikia pia sauti tofauti: kwa kuwa transista hazibadilishwi kwa mdundo mmoja, mota hailii kwa mluzi mkali tuliouzoea bali kama mvua ya rasharasha juu ya mabati.

Hadi hapo tumedhania kwamba draivu inajua rota inakwenda mwendo gani, kwa sababu utabiri wa fluksi na torki unahitaji mwendo huo. Tukiiondoa enkoda, mwendo utatoka wapi?

Fikirini dereva wa matatu anayepanda kutoka Nakuru kuelekea Mau Summit usiku wa ukungu, na saa yake ya mwendo ilikufa mwaka juzi. Hasimamishi gari kwa sababu hiyo. Anajua yuko gia ngapi, anasikia injini inavyonguruma, anahisi mguu wake umekanyaga kiasi gani, na ukimuuliza atakutajia mwendo bila kukosea sana. Dereva huyo ana modeli ya gari kichwani mwake. Draivu nayo hupewa modeli ya mota, yaani milinganyo ya stata na rota, na hupima mambo machache yanayopimika juu huku bila kushuka kisimani: mikondo ya waya mbili, kwa kuwa wa tatu hupatikana kwa kutoa, na volteji ya upande wa dici wa inveta. Kisha hukisia mwendo, huiuliza modeli kwamba kwa mwendo huo mkondo ungepaswa kuwa kiasi gani, na hulinganisha jibu na mkondo uliopimwa. Yakitofautiana, makisio ya mwendo husogezwa hadi tofauti ipungue. Chombo cha hesabu cha namna hii huitwa kiangalizi, na misingi yake iliwekwa na Rudolf Kalman mwaka 1960 na David Luenberger mwaka 1964, wala hawakuwa wakifikiria mota. Mniwie radhi kwa kupita haraka katika aina zake, kwa maana ziko nyingi na kila mwalimu ana kipenzi chake. Tabia inayoziunganisha zote ni kwamba kosa baina ya kilichotabiriwa na kilichopimwa ndilo habari yenyewe.

Lakini mfungeni yule dereva magurudumu makubwa kuliko aliyozoea bila kumwambia. Masikio yake yatakuwa yale yale, mguu ule ule, na mwendo atakaokutajia utakuwa wa uongo. Hapo ndipo penye neno nililokuja kulisema Kisumu, na ninaomba nikae hapo kidogo.

Draivu huipata fluksi ya stata kwa kuchukua volteji iliyopelekwa, kutoa ile inayopotea katika ukinzani wa nyaya za stata, na kujumlisha kinachobaki kadiri muda unavyokwenda. Tuchukue mota ya kilowati 7.5 kwa volti 415, inayokula kama ampea 15, na tuseme ukinzani wake kwa kila fezi, kwa hesabu ya nyota, ni omu 0.7. Volteji inayopotea ni volti 10.5. Kwa hezi 50, ambako fezi ina volti 240, hasara hiyo ni kama asilimia nne, na ukiikosea kidogo hakuna atakayejua. Sasa teremsheni hadi hezi 1. Volteji inayobeba habari za sumaku na mwendo haifiki volti tano, na ile inayopotea bado ni 10.5. Kisha mota ipate joto. Shaba huongeza ukinzani kwa karibu asilimia 0.39 kwa kila digrii moja ya Selsiasi, kwa hiyo joto likipanda digrii 60 ukinzani huongezeka kwa kama asilimia 23, na kosa linakuwa kama volti 2.5. Draivu inayoamini bado omu 0.7 ya asubuhi imekosea zaidi ya nusu ya habari yote iliyo nayo. Itakutajia mwendo, itatabiri torki, itachagua hali moja kati ya saba kwa ujasiri mkubwa, na yote yatakuwa yamejengwa juu ya mchanga.

Upande wa rota ni mgumu zaidi. Mtelezo hutegemea ukinzani wa rota, na fluksi ikiwa imetulia na mzigo haubadiliki, kiangalizi hakiwezi kutofautisha baina ya rota iliyopunguza mwendo na rota iliyopata joto, kwa maana kwenye mkondo wa stata mambo hayo mawili hufanana kabisa. Anayetaka kuyajua yote mawili kwa pamoja lazima aisumbue mota kwa makusudi, kwa mfano kwa kuitikisa fluksi kidogo. Na pana mahali ambapo hakuna ujanja wa modeli utakaosaidia: stata inapopewa hezi sufuri hakuna kinachobadilika, na kisichobadilika hakizalishi volteji kwenye rota iwezayo kurudi kutueleza habari. Mtu wa pampu hafiki huko, maana pampu kwa mwendo mdogo haina mzigo wa maana. Mtu wa kreni ya kupakua miwa hufika huko kila anapoteremsha mzigo polepole. Kwa hiyo maoni yangu ni haya, na walimu wakitaka wanipinge baadaye: kwenye kreni, lifti na chochote kinachoning'iniza mzigo juu ya vichwa vya watu, enkoda ibaki, na kebo yake ipitishwe ndani ya bomba la chuma ambalo panya hawaliwezi.

Vivyo hivyo sitawashauri mnunulie kila kinu cha posho draivu ya utabiri. Pampu inayokwenda kwa mwendo mmoja mchana kutwa inatosheka na njia ya kawaida ya kulinganisha volti na hezi. Mahali ambapo utabiri unalipa ni kwenye mzigo unaoruka ghafla, kwenye mashine ya kuzungusha sukari inayopanda kasi na kufunga breki mara nyingi kwa saa, kwenye magari ya umeme, na kwenye pampu za jua kama zile zinazofungwa Siaya na Homa Bay, ambako volteji ya paneli hushuka kila wingu linapopita juu ya ziwa na draivu inayoipima upya kila hatua haishtuki.

Turudi kwa ukinzani, kwa sababu ndani ya ukumbi huu wamo watu wanaoubadilisha kwa mikono yao. Mota zetu huungua, na zikiungua huwaindiwa upya, yaani hufungwa koili za waya mpya. Fundi wa kuwaindi asipopata waya wa geji ile ile huchukua iliyo karibu, akipunguza mizunguko miwili au kuongeza mitatu, na mota ikitoka hapo inazunguka, haichemki sana, na mteja anaridhika. Mimi mwenyewe nimefanya hivyo na sikuona haya, kwa sababu kwa mota iliyounganishwa moja kwa moja na stima hakuna aliyedhurika. Lakini mota hiyo si ile iliyoandikwa kwenye kibati. Ukinzani wake umebadilika na indaktansi zake zimebadilika, na draivu ya utabiri inayosoma kibati ni dereva aliyefungiwa magurudumu mengine bila kuambiwa. Ongezeni kebo ya kisima: mita 200 za shaba ya milimita sita za mraba ni kama omu 0.6, karibu sawa na ukinzani wa mota yenyewe katika mfano wetu, na kwenye kibati haimo. Nimeona draivu ya bei kubwa ikirudishwa kwa muuzaji kwa madai kwamba ni mbovu, hali kosa lote lilikuwa omu 0.6 ambayo hakuna aliyeiandika.

Kwa sababu hiyo ninawaomba mafundi wa kuwaindi jambo moja la gharama ndogo: mota inapotoka mikononi mwenu, mpime ukinzani wake ikiwa baridi, muandike kipimo hicho pamoja na joto la siku hiyo na idadi ya mizunguko, na mkibandike ndani ya kifuniko cha teminali. Nanyi mnaofunga draivu, iacheni ijipime yenyewe mota ikiwa imesimama, kwa maana draivu nyingi za kisasa zina kipengele hicho, lakini fanyeni hivyo kebo yote ikiwa imeunganishwa, si karakanani kwa waya wa mita mbili.

Multimita ya kawaida haiaminiki chini ya omu moja, basi msiitumie kwa kazi hiyo. Mota iliyoko mezani hapa mbele ni ya kilowati 2.2 na imekwisha kuwaindiwa mara mbili. Tutapitisha mkondo wa betri ya gari kati ya teminali mbili, ampea zipimwe na mita moja, volti zipimwe na mita nyingine palepale kwenye teminali na si kwenye betri, kisha tugawanye volti kwa ampea, na jibu tuligawe kwa mbili. Baadaye tutaiendesha kwa nusu saa na kupima tena ikiwa ya moto. Naomba wawili kutoka Kibuye waje washike mita, na wanafunzi wa nyuma wasogee wakiwa na karatasi.